Dakika Nne Alizoniomba Mpiga Klarineti

Siku tulipomzika yule mzee wa klarineti, mimi ndiye niliyesoma historia ya marehemu. Ilikuwa ukurasa mmoja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na niliusoma kwa sauti ya mwalimu aliyezoea darasa kubwa: alizaliwa, akasoma hadi darasa la saba, akajiunga na bendi ya askari, akaoa, akajaliwa watoto watatu, akastaafu, akarudi kulima. Kuhusu muziki niliandika sentensi moja tu, kwamba marehemu alikuwa mpenzi wa muziki. Watu waliitikia kwa vichwa. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa amefika kutoka Nairobi, alinitazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, kisha akainamisha macho. Nilijua anachokikumbuka. Sentensi ile haikuwa ya uongo, ila iliandikwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuifanya fupi.

Sababu yenyewe ni kwamba mzee huyo aliwahi kuniomba dakika nne za kumpigia mkewe klarineti kaburini, nami nikamnyima. Nataka kueleza jinsi ilivyotokea, kwa sababu nilimnyima nikiwa na akili zangu timamu, na nikiwa na hakika kwamba ninatenda mema.

Nilirudi nyumbani, jirani na Khayega, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya kijito kutoka boma la yule mzee. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, na niliamini kwamba kijiji kingeweza kuponywa kwa vyoo, kwa vitabu na kwa mikutano inayoanza saa iliyotangazwa. Sisemi hayo kwa kujidharau. Bado naamini sehemu kubwa yake.

Mara ya kwanza nilipomsikia ilikuwa alasiri, mvua ya saa tisa ilipokuwa imekatika na bati la darasa bado linadondoka matone. Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu. Sauti ikaja kutoka mteremkoni, ikianzia chini kabisa, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba radhi, kisha ikapanda taratibu, ikafika mahali ambapo wimbo wowote ninaoujua ungerudi nyumbani, nayo haikurudi. Ilikaa huko juu ikizungukazunguka. Nikasimama na chaki mkononi. Wanafunzi hawakuinua hata vichwa.

"Ni nini hiyo?" nikauliza.

"Ni babu wa firimbi, mwalimu," akasema msichana wa dawati la mbele. "Anaitanga bibi yake atoke shamba."

Jumamosi nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi barazani, mkewe yuko uani akipura maharagwe juu ya turubai. Mzee alikuwa mwembamba, mrefu, na kola ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi kama ya mtu anayengoja kukaguliwa.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Umekuja kunikamata?"

"Kwa kosa gani, mzee?"

"Kelele. Huyu mama anasemanga iko siku nitakamatwa."

"Nilisema utakamatwa na njaa," mkewe akajibu bila kuacha kupura. "Kelele ndiyo ilinioa. Nitaishtaki namna gani?"

Hapo ndipo nilipoiona klarineti kwa karibu: ala nyeusi ya kupuliza, ndefu kama mkono wa mtu mzima, imejaa vifungo vya chuma, ikiwa vipande vitano ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu kilichochakaa. Alinionyesha kile alichokiita ulimi, yaani kipande chembamba cha tete kinachofungwa mdomoni mwa ala ili kitetemeke na kutoa sauti. Vya dukani havikupatikana Kakamega, wala Kisumu. Kwa hiyo alishuka mwenyewe hadi mto Isiukhu, akakata matete, akayakausha darini miezi kadhaa, akayachonga kwa wembe na kuyalainisha kwa kigae cha chupa. Katika kumi aliyochonga, mawili yalifaa. Aliwahi kujaribu ganda la muwa, akaniambia, likalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Alijifunza kupuliza katika bendi ya askari, akipiga nyimbo za gwaride katika sikukuu za taifa. Lakini Jumapili mchana, akiwa amevua sare, alipiga na bendi ndogo katika ukumbi mmoja wa mtaa Nairobi. Kiongozi wao alikuwa na santuri za jazi kutoka ng'ambo, na walizisikiliza hadi sindano ikawa inatoa mchakacho zaidi kuliko muziki. Huko kwetu jazi lilikuwa jina la bendi za magitaa tu. Yeye alikuwa na maana yake.

"Wimbo ni kama njia ya kwenda sokoni," aliniambia. "Kila mtu anaijua. Jazi ni kuifuata njia hiyo hiyo huku ukisalimia watu."

"Na ukichelewa sokoni?"

"Soko haliishi, mwalimu."

Nilicheka kwa adabu. Sikukubaliana naye. Nilifundisha kwaya ya shule kwa kufuata karatasi, na mtoto aliyeongeza sauti isiyoandikwa nilimrudisha kwenye mstari. Niliona jibu la mzee kuwa tamu, lakini la mtu ambaye hajawahi kuwajibika kwa watoto arobaini.

Katika ukumbi ule wa Jumapili ndimo alimompata mkewe, ambaye wakati huo alikuwa yaya katika nyumba fulani. Nilipouliza walikutanaje, walijibu kwa kupokezana, kama watu waliokwisha kulisimulia jambo mara nyingi.

"Alikuwa anacheza na mtu mwingine," mzee akasema. "Mimi niko jukwaani, mikono imejaa, siwezi kushuka. Nikafanya nini? Nikapiga wimbo mmoja mpaka yule mtu akachoka."

"Alichoka kweli," mama akasema. "Akaenda kukaa. Mimi sikuchoka."

Kwa miaka mitatu nilipita hapo mara kwa mara. Alipiga karibu kila alasiri, na mkewe, akiwa jikoni, alimjibu kwa kugonga mwiko kwenye sufuria. Mara nyingine mzee alikatisha kipande na kuita ndani: "Umechelewa!" Naye akaitika: "Wewe ndiye umekimbia!" Nilikisikia kile kikao cha watu wawili kutoka darasani, na nakiri kwamba hakikunigusa sana. Akili yangu ilikuwa kwingine.

Miaka ile vifo vilikuwa vingi. Kulikuwa na ugonjwa ambao wengi wetu hatukuutaja kwa jina, na hapakupita wiki mbili bila boma fulani kuwa na msiba. Pamoja na msiba ilikuja disko ya matanga: vijana walikodi vipaza sauti na jenereta mjini, wakapiga muziki mfululizo siku zote za kumlilia marehemu, na watoto wa shule wakajaa humo bila mtu wa kuwaangalia. Yule msichana wa dawati la mbele alikuwa darasa la nane alipoacha shule akiwa mjamzito. Nilikwenda kwao. Mama yake aliniambia tu, "Ni ile matanga ya kwa jirani." Nilirudi njiani nikilia kwa hasira, na kabla ya kufika nyumbani nilikuwa nimeamua.

Kijiji chetu kilikuwa na kamati ya mazishi. Ndiyo iliyotunza mabenchi, masufuria makubwa na turubai, na muhimu kuliko vyote, ndiyo iliyowapanga wachimba kaburi. Boma lililonyimwa wachimbaji lilikuwa limeaibishwa mbele ya ukoo wote. Nilikuwa katibu, kwa sababu ya mwandiko. Nikaandika pendekezo na kulisoma kwenye mkutano, naibu wa chifu akiwapo. Lilisema kwamba katika boma lenye msiba hapatapigwa muziki wa dansi wa aina yoyote, kwa chombo chochote, kabla ya mazishi wala baada yake, isipokuwa ngoma ya isukuti ya wazee na nyimbo za kanisa. Boma litakalokaidi halitapewa wachimba kaburi.

Maneno "kwa chombo chochote" niliyaongeza mwenyewe usiku wa kuamkia mkutano. Nilijua vijana wangenyang'anywa vipaza sauti, wangekuja na gitaa. Niliyapenda sana maneno hayo. Niliona yameziba kila ufa.

Mzee wa klarineti alikuwa mkutanoni. Alikuwa wa kwanza kuunga mkono.

"Hilo la disko, mwalimu, liondoke," alisema. "Halina hata mdundo. Ni kama mtu anatwanga na mchi kinu hakuna." Watu wakacheka. Akatia sahihi kwa herufi nzuri za jeshini, chini ya jina la mwenyekiti. Si yeye wala mimi aliyekumbuka kwamba na yeye alikuwa na chombo.

Mwaka uliofuata mkewe aliugua. Alilazwa hospitalini Kakamega, akarudi, akalazwa tena, na mara ya pili hakurudi. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Ijumaa mchana nilikuwa nimeketi chini ya turubai uani kwao, nikiandika ratiba ya kesho, na mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, akipanga mabenchi karibu yangu. Mzee akaja, akasimama mbele ya meza yangu kama mtu aliyekuja ofisini.

"Mwalimu, kwenye hiyo karatasi yako, niwekee dakika nne."

"Za nini, baba?"

"Watoto wakimaliza kuongea, kabla ya mhubiri. Nimpigie."

Nilielewa mara moja. Nikamtazama mwenyekiti. Yeye akaendelea kusukuma benchi. "Hayo ni ya katibu," akasema. "Yeye ndiye aliandika, yeye ndiye anajua." Ikawa juu yangu.

"Piga wimbo wa kanisa, baba," nikamwambia. "Hapo hakuna atakayesema neno."

"Za kanisa aliziimba mwenyewe miaka yote, na alinishinda. Hizo si zangu kumpa."

"Huo unaotaka kupiga ni wimbo gani?"

"Hauna maneno. Niliutunga mwenyewe."

"Ni dansi?"

Nilikuwa nimemfungulia mlango, na najua aliuona. Angesema ni maombolezo, au angesema tu hapana, ningeandika dakika nne na kushukuru. Lakini alikuwa mtu mnyoofu, na nadhani aliona kwamba kuuita kitu kingine kungekuwa kumkana mkewe.

"Ni dansi, mwalimu," akasema. "Ni ule niliopiga mpaka yule mtu akachoka."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa sentensi zilizokamilika. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu tulipomzuia kijana mmoja kuleta kipaza sauti kwenye msiba wa kakake. Je, tungemwambia nini sasa? Sheria iliyo na mlango wa jirani, nilisema, si sheria tena. Niliiona kauli hiyo kuwa nzuri hata wakati naitamka.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilitia sahihi mimi mwenyewe," akasema. "Sikujua kwamba na mimi nimo ndani."

"Nisamehe, baba."

"Haya. Andika yako."

Asubuhi ya Jumamosi, watu wakiwa wameanza kukusanyika, nilivutwa kando na kijana yule yule tuliyemnyima kipaza sauti. Alikuwa na udongo mwekundu hadi magotini, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wachimba kaburi.

"Mwalimu, mwache mzee apige."

"Nani amekutuma?"

"Nimetumwa na nani? Nimemwona na sanduku lake. Sisi hatutasema kitu. Ile yetu ilikuwa disko. Hii ni huzuni ya mtu na bibi yake."

"Leo utasema hivyo, na kesho utaleta jenereta."

Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Unaogopa tutacheza?" akaniuliza. "Ama unaogopa wewe ndiye utacheza?" Wenzake waliokuwa wameegemea majembe wakacheka. Nikaondoka nikiwa nimethibitisha moyoni kwamba huo ulikuwa mtego. Haukuwa mtego. Watu pekee ambao niliogopa wangelalamika kwamba si haki walikuwa wamekuja kwa hiari yao kuniondolea hofu hiyo, nami nikawafukuza kwa dhana mbaya. Katika mambo yote ya siku ile, hili ndilo ninalolirudia mara nyingi zaidi.

Mazishi yalikwenda kama nilivyopanga. Isukuti ilipigwa wakati jeneza likitolewa nyumbani, na kwaya ikaimba. Watoto wakaongea, wa mwisho akashindwa kumaliza. Ndipo mzee, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele kwa koti lake jeusi, akaliweka sanduku magotini na kulifungua.

Sidhani alikuwa amekusudia kunikaidi. Nadhani mikono yake ilifanya tu ilichokuwa imezoea. Alitoa vipande kimoja kimoja, akaviunganisha, akavizungusha hadi vikakaa sawa. Akaweka ulimi wa tete mdomoni mwake ili ulainike kwa mate, kama alivyofanya kila alasiri. Hata wachimba kaburi waliacha kunong'ona. Mshereheshaji akanigeukia, maana ratiba ilikuwa mikononi mwangu. Mzee naye akaniangalia. Hakuomba. Aliangalia tu, tete likiwa bado kati ya midomo yake.

Nikashusha macho kwenye karatasi na kusoma: "Sasa tunamkaribisha mhubiri."

Aliutoa ule ulimi mdomoni, akaufuta kwa leso, akaurudisha ndani ya kijaluba chake. Kisha akaifungua klarineti, kipande baada ya kipande, akifuta kila kimoja ndani na nje kabla ya kukilaza mahali pake. Mhubiri alisimama na Biblia yake akingoja. Kumngoja afunge sanduku kulichukua muda mrefu kuliko ule wimbo ungechukua.

Tangu siku hiyo hakupiga tena. Mwanzoni nilidhani ni arobaini ya mkewe anayoihifadhi. Arobaini ikapita. Mvua za saa tisa zilikuja na kukatika, na darasani mwangu nilisikia matone ya bati tu. Mtoto mmoja akaniuliza kama babu wa firimbi amehama. Nikamwambia afanye hesabu zake.

Disko hazikuisha. Zilivuka tu mto na kwenda kwenye vijiji ambavyo havikuwa na kamati kali, na watoto wetu wakazifuata huko. Msichana wa dawati la mbele hakurudi shuleni. Ingekuwa rahisi kwangu kama kanuni ile ingekuwa imemwokoa mtu; ningeweza kuweka huzuni ya mzee upande mmoja na wokovu huo upande wa pili. Sina cha kuweka upande wa pili.

Ilinichukua mwaka mmoja na miezi kadhaa kusimama mbele ya kamati na kuomba maneno "kwa chombo chochote" yaondolewe. Yaliondolewa kwa dakika chache, bila ubishi. Mwenyekiti hata alishangaa kwamba yalikuwapo. Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, nikaenda kwa mzee. Alikuwa barazani akipukuchua mahindi.

"Baba, tumebadilisha ile kanuni," nikasema. "Mtu anaruhusiwa kumpigia wake."

"Vizuri. Wengine watafaidika."

"Nilikosea, baba. Siku ile nilikukosea."

"Ulifanya kazi yako, mwalimu."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayemwondolea mgeni wasiwasi kwa kikombe kilichovunjika. Ningependa zaidi anitukane.

"Naomba uupige sasa," nikamwambia. "Ule wake. Nataka kuusikia."

Akaacha kupukuchua. Aliutazama mgomba uliokuwa umeota karibu na kaburi, kisha akanitazama mimi.

"Siku ile uliniuliza kama ni dansi," akasema. "Hukuniuliza unaendaje."

"Sasa nauliza, baba."

"Ndiyo. Nimesikia." Akakusanya punje zilizoanguka mapajani mwake, akazitia kwenye kikapu. "Lakini sasa nimezoea kunyamaza naye. Nikianza kupiga leo, ataniuliza nilikuwa wapi siku ile."

Wingu lilikuwa limeshuka upande wa msituni, na upepo ulianza kugeuza majani ya migomba.

"Mvua inakuja," akasema. "Acha nifungue ng'ombe." Akaenda malishoni, nami nikabaki kwenye benchi. Nilimwona akihangaika na kamba, akimwongoza ng'ombe kwa maneno ya upole, na mvua ikamkuta njiani. Aliporudi alikuwa ameloa mabega. Hakutaja muziki tena. Aliniuliza kama shule imeletewa mwalimu wa hesabu, nikamwambia bado. Akaniuliza kama mahindi ya kwetu yameingiwa na fukusi, nikamwambia ndiyo, kidogo. Tuliongea hivyo hadi mvua ilipokatika. Kisha akachukua fimbo yake, akanisindikiza mpaka njia kuu kama mgeni anavyostahili, na akaniambia niwasalimie nyumbani.